Mhitimu alale kijijini

Kila siku saa kumi na moja jioni, kipaza sauti cha kijiji ninachoishi hupiga muziki wa kuwaita watoto warudi nyumbani. Watoto wenyewe hawapo. Shule ya msingi ilifungwa, na mimi mwenye miaka 36 ndiye wa pili kwa udogo upande huu wa mto. Hapa ni milimani, mkoa wa Kochi, kisiwa cha Shikoku, Japani. Kwetu ni Njombe, Tanzania.

Wa kwanza kwa udogo ni dada mmoja wa miaka 26 aliyesoma chuo kikuu Osaka. Kwa sababu yake nimeamua kuandika.

Mwaka 2009 serikali ya Japani ilianzisha mpango unaoitwa Chiiki Okoshi Kyoryokutai, yaani kikosi cha kusaidia kuamsha maeneo. Ulianza na watu 89. Mwaka 2023 walikuwa zaidi ya 7,000, wengi wao vijana. Halmashauri inatangaza nafasi, inamchagua mtu na kumlipa, kisha serikali kuu inairudishia fedha. Muda hauzidi miaka mitatu kwa kawaida. Na lipo sharti ambalo kwangu mimi ndilo uti wa mgongo wa jambo zima: lazima uhamishe makazi yako rasmi. Jina lako linatoka kwenye daftari la mjini na kuingia kwenye daftari la huko uendako. Kodi unalipa huko na kura unapigia huko. Ukiugua usiku, mwenzio wa kukupeleka hospitali ni jirani wa huko.

Dada huyu, aliyekuja kwa mpango huo, alipewa nyumba iliyoachwa na wenyewe, paa linavuja upande wa jikoni. Jumapili moja tulikuwa tunazibua mfereji unaopeleka maji kwenye majaruba ya mpunga, kazi ambayo kila kaya hutoa mtu. Yeye ni kaya, kwa hiyo alikuja. Mzee mmoja wa miaka 81 akamwambia koleo unalishika vibaya utaumia mgongo, akamwelekeza mikono ikae wapi. Mchana tukakaa ukingoni tunakula wali wa kufinyanga. Mzee yule yule, bila kumtazama usoni, akamuuliza kama angependa kulichukua shamba lake la yuzu, maana magoti hayapandi tena ngazi. Yuzu ni tunda la jamii ya ndimu, na mkoa huu ndio unaoongoza Japani nzima kwa kulilima. Dada alikuwa ametimiza miezi kumi na minne kijijini. Mwaka wa kwanza mzee hakumuuliza kitu.

Usiku ule sikulala vizuri. Nilikuwa namkumbuka mama mmoja wa Wanging'ombe, huko kwetu Njombe.

Nilimaliza SUA, Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, mwaka 2014, nikapata kazi kwenye mradi wa vijana wahitimu. Tulikuwa kumi na wawili, tukagawiwa vijiji. Mkataba miezi tisa. Nilipewa fulana mbili, kofia na fomu za kujaza. Nilipanga chumba mjini, asubuhi napanda pikipiki hadi kijijini, jioni narudi. Nikasimamia shamba darasa la parachichi aina ya Hass, miche arobaini iliyobebeshwa, kwenye kipande cha ardhi alichotoa mama huyo. Siku tunapanda, ameshika mche mkononi, akaniuliza: "Mwanangu, huu unazaa lini?" Nikamjibu, ukitunzwa vizuri, mwaka wa tatu. Akaniangalia. "Na wewe utakuwepo?"

Sikuwa na jibu. Mradi ulifungwa Juni, tukapiga picha ya pamoja, ripoti ikaandikwa kwamba wakulima wamewezeshwa. Nami nikaondoka miche ikiwa bado inafika gotini.

Simlaumu mtu, lakini hesabu haikukubali. Mti unataka miaka mitatu, sisi tulimpa mama miezi tisa. Na hata ndani ya hiyo miezi tisa sikuwa mtu wa pale. Mvua ya mawe ilipopiga usiku, niliisikia kesho yake kutoka kwa mwenyekiti. Maneno muhimu ya kijiji huzungumzwa jioni watu wakinywa ulanzi, au alfajiri kwenye msiba, na saa hizo mimi nilikuwa mjini.

Nyumbani tumejaribu mengi, na nayaheshimu. Wazazi wetu walipitia JKT, Jeshi la Kujenga Taifa, lililoanzishwa mwaka 1963. Oktoba 1966 wanafunzi wa chuo kikuu waliandamana hadi Ikulu kupinga kujiunga kwa lazima huku wakikatwa mshahara. Mwalimu Nyerere akawarudisha karibu 400 makwao, na yeye mwenyewe akajikata asilimia 20 ya mshahara wake. Nikisoma habari ile naona Mwalimu alikuwa na haki kuwadai wasomi deni la kijiji, ila kambi si kijiji. Kambini unajifunza ukakamavu na kupendana na wenzako. Mama mwenye shamba humkuti kule. Juzi juzi ikaja BBT, mpango wa serikali wa kuwaingiza vijana kwenye kilimo; vijana 812 wa awamu ya kwanza wakapita vituo atamizi vya mafunzo, na mashamba makubwa yakaandaliwa Dodoma. Natamani kwa moyo wote wafanikiwe. Lakini hapo pia kijana anapelekwa kwenye shamba jipya kati ya vijana wenzake, na vijiji vyetu zaidi ya 12,000 vinabaki vilivyo, na afisa ugani mmoja akikimbizana na vijiji kadhaa peke yake.

Najua nitajibiwa kwamba Japani wanatafuta watu, sisi tunatafuta ajira. Ni kweli, na tofauti hiyo ni kubwa. Vijana tunao, wamejaa kwenye vijiwe vya bodaboda. Anayekosekana kijijini ni mtu aliyesoma, anayelala pale, na anayesimama kwenye mizani siku mnunuzi anapokuja kukataa nusu ya mzigo kwa madai kwamba tunda halijakomaa. Mtu wa kumsomea mama mkataba kabla hajaweka dole gumba. Huyo hawezi kupatikana kwa semina ya siku mbili na posho.

Wala huku si peponi. Wako wanaoishia kutoa fotokopi ofisini na kuondoka kabla ya muda, na wako ambao kijiji hakikuwapokea. Hata hivyo, muda ukiisha, kama 65 kati ya 100 hubaki eneo lile lile au karibu yake, na anayeanzisha biashara anaweza kusaidiwa hadi yen milioni moja.

Kwetu mbona tunaweza kuanza kidogo? Njombe ina halmashauri sita. Kila moja itangaze nafasi tano tu, miaka mitatu, na mkutano mkuu wa kijiji ndio umhoji mwombaji. Kijiji kitoe nyumba, hata ya udongo, mradi ina choo na mlango unaofungwa, kwa sababu wahitimu wengine ni mabinti na usalama wao uje kabla ya kila kitu. Apewe posho ya kula. Miaka hiyo bodi ya mikopo isimdai. Akimaliza, aingie kwenye ile asilimia nne ya mapato ya halmashauri inayotengwa kwa mikopo ya vijana, akiwa na kundi la wenyeji wanaomjua.

Mwaka 2022 nilikwenda likizo. Nikapita Wanging'ombe, nikapiga hodi, "Kamwene!" Mama alinitambua kwa sauti kabla ya sura. Kati ya miche arobaini ilikuwa imebaki mitatu, mirefu kupita paa la nyumba, imejaa majani na matunda yako juu kabisa ambako mkono haufiki. Akanichumia sita kwa upondo, akazifunga kwenye kitenge. Halafu akaniuliza kama mti huu huwa unakatwa matawi, na unakatwa wapi.

Nikamwomba panga. Tulianza na mti ulio karibu na jiko, nikamwonyesha tawi la katikati.