Skrini inabebeshwa kesi isiyo yake: kozi za mtandaoni za watherapisti

Kuna kauli imeshika sana kwenye fani ya ushauri nasaha Marekani, hasa kwa wakongwe, kwamba mtherapisti aliyemaliza masaa yake yote ya masomo kwenye laptopu hajasoma kitu, amenunua cheti tu. Sikatai kwamba kuna ukweli humo, tutaufikia, ila nikisikia jinsi inavyosemwa kwa uhakika naona kabisa skrini inabebeshwa kesi isiyo yake.

Kwa ufupi tu kwa ambaye hafuatilii mambo haya: leseni kule inahuishwa kila baada ya muda, na ili uhuishe lazima uonyeshe masaa ya masomo ya kuendelea, wenyewe wanayaita CE. Kila jimbo na bodi yake, kila bodi na hesabu zake. California mtherapisti wa ndoa na familia anatakiwa masaa 36 kila miaka 2, na 6 kati ya hayo yawe ya sheria na maadili. New York nao ni 36 lakini kwa miaka 3. Sasa tofauti yenyewe iko hapa, California ukitaka yote 36 uyafanye mtandaoni fanya, hawana neno, ila New York kozi za kujisomea mwenyewe, yaani video iliyorekodiwa au andiko unasoma halafu unajibu maswali, haziruhusiwi kuzidi theluthi, ambayo ni masaa 12. Webina ya moja kwa moja ambayo unaweza ukanyoosha mkono na mwalimu akakujibu hawaiweki kwenye hilo fungu la kujisomea. Kwa hiyo hata New York, ambao ndio wanaotolewa mfano na wapinzani, hawajakataa intaneti.

Haya, upande wa wanaolalamika. Kozi ya bei rahisi inavyokwenda ni hivi. Unalipa ada moja ya mwaka, unapewa kozi zote za mle ndani, chukua unazotaka. Unafungua PDF ndefu, na kama una haraka huisomi, unaruka moja kwa moja kwenye maswali, ni ya kuchagua jibu, swali likikushinda unatafuta neno ndani ya PDF linakuletea sentensi yenyewe, ukifeli unarudia. Ukimaliza unajaza fomu ya tathmini, cheti kinadondoka hapo hapo, jina lako limeandikwa vizuri kabisa. Kuna watu wanafanya masaa ya miaka 2 ndani ya wiki moja kabla ya dedilaini na kila mtu kwenye fani anajua. Na kuna mada ambazo ukiziweka kwenye PDF zinakufa. California tangu 2021 inamtaka kila mtherapisti awe na angalau masaa 6 ya kutathmini hatari ya mtu kujiua, mara moja kwenye maisha ya leseni, na hicho ni kitu cha mdomoni na usoni, yaani kumtazama mtu ukamuuliza waziwazi kama anawaza kujiua halafu ukanyamaza umsikilize bila kupaparika. Maswali ya kuchagua hayakufundishi hiyo. Hapo nakubaliana nao mia kwa mia.

Shida yangu inaanza pale wanaposema dawa yake ni kurudi ukumbini. Ukumbi gani? Tuongelee ukumbi wenyewe. Unafika hotelini saa 2 asubuhi, unasaini, unapewa beji na bahasha, unakunywa kahawa, unakaa mstari wa nyuma karibu na soketi ya umeme, mwalimu anapitisha slaidi, wewe unajibu meseji za wateja wanaohamisha miadi, mchana mnakula, jioni unasaini kutoka, unajaza fomu ya tathmini, unapewa cheti. Siku nzima hakuna mtu aliyekuuliza ufanye kitu chochote akakuona. Kinachohesabiwa ni kwamba ulikuwepo, ni kama kupima mpishi kwa muda aliokaa jikoni bila kuonja mchuzi. Sasa hiyo na PDF zinapishana nini, zaidi ya kwamba huku umelipia na chumba cha kulala?

Mwaka 2004 William Miller na wenzake walitoa utafiti ambao kwa maoni yangu ungebandikwa kwenye mlango wa kila bodi. Miller ndiye mwasisi wa ule mtindo ambao humhubirii mteja aache pombe, unazungumza naye mpaka yeye mwenyewe anaanza kutaja sababu zake za kubadilika. Walichukua watu 140, wote na leseni za kutibu uraibu, wakawagawa kwa kura makundi 5. La kwanza lilipata warsha peke yake, la pili warsha na baadaye mrejesho kuhusu rekodi za vikao vyao, la tatu warsha na kocha, la nne vyote, la tano lilisubiri zamu yake. Waliofundishwa waliwapita waliokuwa wanasubiri, na waliopata kocha au mrejesho baada ya warsha wakapanda zaidi. Mpaka hapo hakuna cha kushangaza. Ila waliwauliza pia watherapisti wenyewe wanajionaje, umeiva kiasi gani kwenye huu mtindo, kisha wakalinganisha na kilichosikika kwenye rekodi. Majibu yao hayakuwa na uhusiano wowote na ustadi uliosikika.

Mimi hili huwa linanisumbua kuliko yote na naomba tukae nalo kidogo. Hawa sio wanafunzi wa mwaka wa kwanza, ni watu wenye leseni, kazi yao ya kila siku ni kusoma nafsi za wengine, na wakiulizwa kuhusu uwezo wao wenyewe hawajui. Anayejiona moto anaweza kuwa wa kawaida tu, anayejiona bado anaweza kuwa yuko vizuri. Sasa rudi kwenye ile fomu ya tathmini mwisho wa kozi, ile inayokuuliza kwa alama 1 hadi 5 kama umefikia malengo ya somo. Mfumo mzima unaegemea pale! Aliyeandaa kozi anaonyesha zile alama kuthibitisha kozi yake ni nzuri, na mtherapisti anaondoka akiamini ameongeza kitu. Na mkongwe anayesema ile semina ya ana kwa ana ilimbadilisha kabisa, ile ya mtandaoni haikumsaidia, ushahidi wake ni upi? Anavyojiona. Simwambii ni mwongo, namwambia tu kwamba kipimo anachotumia kilishapimwa na kikaonekana hakipimi.

Halafu kitu kingine kutoka utafiti huo huo ambacho watu wanakiruka: ukocha wenyewe ulifanyika kwa simu. Warsha ilikuwa ukumbini, ndiyo, lakini kile cha ziada kilichowapandisha watu kilipita kwenye waya, mtu yuko kwake na kocha yuko kwake. Hiyo ni miaka mingi kabla hatujajua Zoom ni nini.

Na kwa upande wa maarifa tu, yaani kujua somo, mtandao hauna aibu hata kidogo. Mwaka 2009 Linda Dimeff na wenzake walilinganisha njia 3 za kufundisha stadi za DBT, tiba iliyoanzishwa na Marsha Linehan kwa watu wanaojidhuru na wanaozidiwa na hisia: kitabu peke yake, kozi ya kwenye kompyuta, na warsha ya siku 2 na mwalimu. Kwenye kupima maarifa kozi ya kompyuta ndiyo iliongoza, iliipita hata warsha. Sawa, maarifa sio ustadi, kujua DBT na kuifanya mbele ya mtu anayelia ni vitu viwili, lakini basi tuseme hivyo kwa zote mbili maana warsha nayo haikupi ustadi kwa sababu tu ulikalia kiti chake.

Sasa twende kwa wanaoumia. Mtherapisti aliyeko Alturas, kaskazini mashariki kabisa ya California, akitaka semina Sacramento anaendesha zaidi ya masaa 5 kwenda, na kurudi hivyo hivyo. Kama amejiajiri, siku ambayo haoni wateja haingizi hela, na juu yake anaongeza mafuta, hoteli, ada ya semina, na mtu wa kukaa na watoto. Wateja wake nao wiki hiyo hawana mtu, na usifikiri kuna mwingine mtaa wa pili, zaidi ya nusu ya kaunti za Marekani hazina hata daktari mmoja wa magonjwa ya akili. Ukimwambia huyu kwamba masomo ya kweli yako ukumbini, kwa lugha nyingine umemwambia masomo ya kweli ni ya watu wa mjini.

Na si umbali tu, kuna suala la mada zenyewe. Kwa miaka kadhaa mpaka 2024 Wakongo ndio walikuwa kundi kubwa zaidi la wakimbizi waliopokelewa Marekani, wengi wao wanaongea Kiswahili, na walipelekwa miji ya kila aina, mingine hata hatuijui. Mtherapisti wa hapo anapata mteja aliyekaa kambini miaka mingi, kati yao kuna mkalimani, na hajawahi kufundishwa kitu kidogo kama kumtazama mteja badala ya kumtazama mkalimani, au kukatisha sentensi ziwe fupi, au afanye nini mkalimani mwenyewe anapoanza kulia kwa sababu hadithi ni yake pia. Semina ya mada hiyo kwenye mji mdogo haiwezi kujaza ukumbi, watakuja watu wanne. Mtandaoni hao wanne wanakutana na wanne wa mji mwingine na wa mwingine, darasa linajaa. Hii faida sijasikia wapinzani wakiigusa kabisa.

Najua kuna atakayesema basi tufute masaa yote kama hayapimi kitu, mtu aachwe uzoefu umfundishe. Ngoja kwanza. Simon Goldberg na wenzake mwaka 2016 walifuatilia watherapisti 170 kwa miaka kadhaa, wagonjwa zaidi ya 6,500, wakakuta kwa wastani matokeo ya wateja hayapandi kadiri mtherapisti anavyozidi kukaa kazini, yalishuka kidogo sana kwa kweli. Walikuwepo waliopanda, lakini wastani ndio huo. Kwa hiyo uzoefu nao ukiuacha peke yake haukupeleki kokote.

Kwa hiyo mimi ningeuliza swali tofauti na hili la mtandaoni au ukumbini, ningeuliza kuna mtu alikusikia ukifanya kazi? New York wamekaribia, kile kikomo cha masaa 12 kinaonyesha wanajua tatizo ni mtu kuachwa peke yake na andiko, ila bado wanaishia kwenye kuwepo, webina ya watu 400 ambapo umezima kamera na unakunja nguo inahesabika ya moja kwa moja sawasawa na ya watu 8 ambao mwalimu anawajua kwa majina. Na watengenezaji wa kozi za bei rahisi wasidhani nawatetea, wao ndio wanaokula vizuri zaidi kwenye huu mfumo wa kuhesabu masaa, hawana sababu yoyote ya kutaka ubadilike.

Kenya wana nafasi ya kuepuka hili. Sheria yao ya Washauri na Wanasaikolojia bado changa, ni ya 2014, na mshauri aliyeko Lodwar ana kama kilomita 700 mpaka Nairobi. Ukiandika kanuni ya kwamba lazima aje mjini umemfungia nje, na ukiandika kwamba cheti chochote cha mtandaoni kinatosha umefungua duka la vyeti.

Mimi ningeanza kidogo, masaa 6 tu kati ya 36 yawe ya kurekodi kikao, kumtumia mtu aliyebobea, na kuongea naye kwa simu au video. Ugumu wake naujua: mteja lazima aridhie kurekodiwa na wengine watakataa, rekodi lazima itunzwe kwa usiri wa hali ya juu, na kocha wa kusikiliza vikao analipwa hela nyingi kuliko kuuza PDF. Bei hiyo ikimwangukia mtherapisti wa Alturas peke yake tutakuwa tumemrudisha palepale, kwa hiyo kabla bodi haijaandika kanuni hiyo ielewane kwanza na waajiri na vyama vya fani nani atalipa.