Shajara ya Chini ya Godoro

Mimi ni mtu wa daftari. Kaunta buku ya kwaya mbili, jalada gumu, inalala chini ya godoro upande wa ukutani. Wasomi wanaiita shajara. Kila usiku naandika yaliyonikuta: konda kanipunja chenji, maharage yamezidi chumvi, shemeji kakopa 40,000 kasema ni ya wiki moja. Kufuli lake ni mwandiko wangu, maana naandika kama kuku kaparura. Mama Asha aliwahi kulifungua akidhani atakutana na jina la mwanamke. Akahangaika nalo robo saa, akalirudisha, akaniuliza kama macho yangu ni mazima.

Mwaka 2018 mpwa wangu wa chuo akanifuma nalo. "Mjomba, bado uko kwenye makaratasi? Fungua blogu." Nikataka kweli. Kumbe ndio mwaka zilipotoka hapa Tanzania kanuni za maudhui ya mtandaoni, blogu nayo ikatakiwa leseni: maombi shilingi 100,000, leseni 1,000,000, na ada ya mwaka 1,000,000 nyingine. Milioni mbili na laki moja ili niandike kwamba maharage yalizidi chumvi! Kwa hela hiyo si bora nilime maharage yenyewe? Mpwa akanishusha hadi statasi ya WhatsApp. Bure, ukiacha bando, na saa 24 zikiisha inafutika yenyewe. Shajara gani hiyo ya kukaa siku moja? Hata andazi linafika ya pili.

Siku ya kwanza niliandika nilivyozoea: "Maharage ya leo chumvi imezidi." Sijafika kituo cha daladala, mama mkwe kashapiga. "Baba Asha, mwanangu kakukosea nini?" Jioni nikakuta maharage hayana chumvi hata punje, na kikopo cha chumvi hakionekani.

Nikajifunza. Nikawa naweka raha tupu. Siku hiyo jamaa wa kazini kanunua mishikaki, nikamwomba sahani niishike kidogo, nikaipiga picha, nikamrudishia. Sikula hata kipande. Nikaandika, "Maisha ndiyo haya." Asubuhi baba mwenye nyumba yuko mlangoni: "Naona kodi yangu siku hizi unaila kwa pilipili na ndimu." Nikakimbilia orodha ya waliotazama, jina lake halimo! Mpwa akanieleza kwamba mzee kazima tiki za bluu, kwa hiyo anachungulia asionekane. Mzee yule yule ambaye kila mwezi ananiomba nimsomee meseji ya luku.

Yote hayo nilivumilia. La shemeji likanishinda. Ile wiki moja imeingia mwezi wa tano. Kwenye daftari ningeandika jina, kiasi na tusi lake, nikalala. Kwenye statasi atasoma yeye, na dada yake atasoma, na dada yake ndiye anayepika. Basi nikatupa fumbo: "Kuna watu ukiwasaidia wanasahau njia ya kurudi."

Akina mama wa Pwani fumbo wanalivaa kwenye kanga. Anapita mara moja tu mbele ya kibaraza cha jirani, mlengwa anahisi mgongo unawaka moto, wengine wote wanaona kanga nzuri. Langu lilikwenda kinyumenyume. Watu kumi na mmoja waliniandikia kuuliza, "Ni mimi?" Fundi cherehani akanirudishia 5,000 ambayo sikujua kama namdai (nikaipokea). Shangazi akanuna, akajitoa kwenye kundi la ukoo. Shemeji peke yake ndiye aliyejibu kwa utulivu: "Kweli kabisa shem, watu wa siku hizi hawana shukrani," na vikono viwili vya kuomba dua.

Usiku huo nikarudi chini ya godoro. Kaunta buku imeshika vumbi, na mende kashaanza kuisoma kutokea kwenye jalada. Umeme ulikuwa umekatika. Nikawasha mshumaa, nikaandika kurasa mbili bila kunyanyua kichwa, lile deni nikalipigia mstari mara tatu mpaka kalamu ikatoboa karatasi. Roho ikawa nyeupe.

Mama Asha akatokea mlangoni, akaguswa. "Hapo hapo, usisogee." Mume, mshumaa, kalamu, daftari wazi. Akaiweka kwenye statasi yake: "Msomi wangu." Nami nikamwachia, tena nikatabasamu, kwa sababu mwandiko ule nani wa kuusoma?

Saa nne simu ikaita. Shemeji. Kumbe maneno ndiyo yanayoparurwa. Tarakimu zangu ziko wazi kama za benki.

"Shem," akasema, sauti ya huruma kabisa, "hiyo 40,000 uliyoipigia mstari, nani tena huyo anayekusumbua?"