Acheni kukopi milango ya redstone, anzeni na geti moja

Madogo wa huku kwetu Ipagala, Dodoma, shule zikifungwa ni Minecraft tu, ile game ya kujenga kwa bloku, na kinachowavutia zaidi sio hata kupigana na mazombi, ni milango ya kujifungua yenyewe kwa redstone, yani umeme wa ndani ya game, ile unakanyaga kibao ukuta unaachana unapita. Nawaunga mkono kabisa. Ila kinachoniumiza, karibu wote wanakopi video za YouTube bloku kwa bloku, wanasimamisha, wanaweka, wanaendelea, bando linaisha na mlango haufunguki na hamna anayejua kwa nini.

Sababu moja kubwa watu hawaisemi. Video nyingi zimerekodiwa kwenye toleo la Java la kompyuta, sisi huku tunachezea simu, yani toleo la Bedrock. Kwenye Java pistoni, ile bloku inayosukuma nyingine, inaweza kupata moto (huo umeme wa redstone) hata kama moto umefika kwenye nafasi iliyo juu yake tu bila kuigusa yenyewe, kwenye Bedrock hicho kitu hakipo. Kwa hiyo dogo anapanga kila kitu sawasawa kama alivyoona, ukuta unagoma, anaamini yeye ndo kilaza. Sio kilaza, ila hakuna aliyemwambia kila bloku inafanya nini pale.

Ndo maana nasema anza na geti, yani sakiti ndogo inayoangalia kipi kimewashwa na kipi kimezimwa halafu inatoa jibu moja. Anza na la AND, mlango wa chuma unaotaka leva mbili ziwashwe ndo ufunguke. Panga bloku tatu kwenye mstari, nyuma ya zile mbili za pembeni bandika leva mojamoja, juu ya hizo hizo mbili za pembeni simamisha tochi za redstone, juu ya bloku ya katikati mwaga unga wa redstone, halafu upande wa mbele wa hiyo hiyo ya katikati bandika tochi ya tatu na kutoka hapo vuta unga mpaka mlangoni. Tochi ya redstone inazimika pale bloku inayoishikilia ikipata moto, kazi yake ni kugeuza. Washa leva moja, tochi yake inazima lakini mwenzake bado analisha unga, ya mbele imezimika, mlango kimya. Washa ya pili, unga unakufa, tochi ya mbele inawaka, mlango huo unafunguka.

Mpwa wangu wa form two alikodolea macho hiyo kitu halafu akaniuliza, "Anko, sasa nikitoa ile tochi ya mbele nikaunga unga direct?" Nikamwambia jaribu. Mlango ukakaa wazi muda wote, ukaja kufungwa leva zote mbili zilipowashwa. Hapo kapata geti la NAND, kinyume cha AND, bila mtu kumtajia jina, na hakuna video ingemfanya aulize lile swali.

Na wazazi mnaosema hizi ni game tu, mwaka 1937 Claude Shannon, kijana wa miaka 21 pale MIT Marekani, aliandika tasnifu ya masters kuonyesha kwamba swichi za umeme zinaweza kufanya ile hesabu ya kweli na si kweli ya George Boole, na kompyuta zote tunazotumia leo zimesimama juu ya wazo hilo. Dogo wako analishika kwa vidole kwenye simu ya kioo kilichopasuka!

Ukishaelewa geti ndo uende kwenye pistoni za gundi, zinazosukuma bloku na kuirudisha, na ukuta wa kuachana, maana kule shida ni muda na umbali, unga unabeba moto bloku 15 tu, ukizidi hapo weka ripita, kifaa cha kuupa moto nguvu upya, nayo inachelewesha kuanzia sekunde 0.1 mpaka 0.4, upande mmoja ukiwahi kufunga kuliko mwingine unaongeza ripita upande unaowahi.

Kama kununua Minecraft ni mtihani, ipo Luanti, game inayofanana nayo, zamani ikiitwa Minetest, ya bure kabisa, ukiiongezea nyongeza ya Mesecons unapata nyaya na mageti kama ya redstone, na ikishawekwa kwenye mashine inachezeka bila intaneti. Walimu wa kompyuta wa hapa Dodoma, naomba mjaribu hii kwenye vyumba vyenu vya kompyuta, lile jedwali la sifuri na moja mnalochora ubaoni waacheni watoto walijenge liwe mlango.