Stashahada ya Uuguzi Sasa, au Urudie KCSE?

Tangu 2023, wastani wa KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari nchini Kenya, hukokotolewa kwa Hisabati, lugha moja, na masomo mengine matano ambayo mtahiniwa ameyafanya vyema zaidi. Utaratibu huo umewapandisha wengi, lakini shule za uuguzi hazikubadilisha kipimo chao. Zinatazama somo moja moja.

Chukua hati hii: Kiingereza B, Kiswahili B, Historia B, Biashara B-, Biolojia C+, Hisabati C-, Kemia C-. Fizikia hakufanya. Jumla ni pointi 52, wastani C+. Nyumbani wanasherehekea, mtoto ni wa chuo kikuu. Kumbe shahada ya uuguzi inataka C+ katika Biolojia, Kemia, Hisabati au Fizikia, na Kiingereza au Kiswahili. Ameangukia mawili, Kemia na Hisabati. Stashahada ya KRCHN, yaani ya muuguzi aliyesajiliwa wa afya ya jamii, inataka wastani wa C, C ya Biolojia, C ya Kiingereza au Kiswahili, na C- katika mojawapo ya Kemia, Fizikia au Hisabati. Hapo anapita bila kusukumwa.

Wanaomshauri arudie mtihani wana hoja nzito. Katika utumishi wa umma, muuguzi wa stashahada huanzia Kundi la Kazi H, mwenye shahada huanzia K, ngazi ya juu zaidi kimshahara. Pengo hilo linaonekana kwenye payslip kila mwisho wa mwezi.

Ila kurudia kuna gharama yake. Mtihani hufanywa mwishoni mwa mwaka na vyuo vikuu hupokea wapya miezi kadhaa baada ya matokeo, kwa hivyo karibu miaka miwili inakwenda kabla ya kuketi darasani. Halafu kuna karatasi ya tatu ya Kemia, ile ya maabara, yenye alama 40. Mtu aliyepata C- mara nyingi alipotezea alama humo: hakusoma bureti sawasawa, au jedwali lake halikuwa na desimali zinazotakiwa. Kosa la namna hiyo halirekebishwi kwa kukariri maelezo. Si kila kituo cha masomo ya jioni katikati ya Nairobi kina maabara, kwa hivyo kabla ya kulipa omba uonyeshwe chumba chenyewe na uulize ni mara ngapi kwa muhula utashika pipeti mwenyewe. Ukijibiwa kwamba mwalimu ataonyesha mbele ya darasa, tafuta kwingine.

Hata ukifikisha C+ zote, umeruhusiwa kupanga foleni tu. Nafasi za uuguzi katika Chuo Kikuu cha Nairobi au Kenyatta hugawiwa na KUCCPS, shirika la serikali linalopanga wanafunzi vyuoni, kwa ushindani, na wanaozipata hupita kiwango hicho cha chini kwa mbali. Mwenye C+ kamili bila ziada mara nyingi huishia kwenye nafasi ya kujilipia, na karo ya miaka minne si mzaha. Baada yake kuna mwaka mmoja wa mafunzo kazini.

Stashahada huchukua miaka mitatu, na KMTC, chuo cha serikali cha mafunzo ya tiba, nayo hupokea maombi kupitia KUCCPS. Mhitimu aliyesajiliwa anaweza baadaye kujiendeleza hadi shahada, na hapo kigezo kikuu ni stashahada na usajili wake. Ile C- ya Kemia haimfungii tena. Masharti kuhusu miaka ya kazi hutofautiana kati ya vyuo, basi yaulize leo, usingoje ufuzu.

Njia ya tatu ndiyo ya kuogopa: shule inayokwambia C- ya Biolojia si neno, lipa tu, mambo yatanyooshwa. Chuo kinaweza kuongeza masharti yake juu ya yale ya Baraza la Wauguzi la Kenya, linalosajili wauguzi, kwa mfano usaili, lakini hakiwezi kuyapunguza. Mwanafunzi mpya lazima aorodheshwe na Baraza na kupewa namba yake. Asiyetimiza gredi hapewi, na bila namba hiyo hakalii mtihani wa leseni, hata kama amemaliza wadi zote. Angalia pia kwamba Baraza limeidhinisha programu yenyewe, kwa kiwango unachosomea. Chuo kuwa na hati ya kuanzishwa hakutoshi. Ofisi za Baraza ziko Kabarnet Lane, karibu na Barabara ya Ngong. Nenda na jina la chuo na la kozi, uulize. Na majina kwenye hati ya KCSE yalingane na ya kitambulisho kabla ya siku ya kuorodheshwa, maana herufi moja tu hukuchelewesha.

Kwa hati tuliyoanza nayo, yenye masomo mawili ya kuinua kwa gredi mbili kila moja, tungechukua stashahada. Anayefaa kurudia ni yule aliyekosa somo moja tu, kwa gredi moja, naye ana maabara ya kufanyia mazoezi na mtu wa kumlisha mwaka mzima.