Ulaji wa glukosi na mtiririko wa damu: vipimo viwili vya uvimbe visivyo na uzito sawa

Kwa miaka mingi daktari wa saratani aliyetaka kujua kama dawa inafanya kazi aliupima uvimbe kwa milimita katika picha za CT, akasubiri wiki kadhaa aone kama umesinyaa. Wanaotetea picha za utendaji, yaani zinazoonyesha uvimbe unakula nini na unapata damu kiasi gani, husema kwamba ukubwa huchelewa kubadilika. Ushahidi wao ulio wazi ni uvimbe wa GIST katika mfumo wa chakula: mgonjwa anapoanza dawa ya imatinibu, skani ya PET, inayofuatilia glukosi yenye mnururisho mwilini, huweza kuonyesha ndani ya siku chache kwamba ulaji wa glukosi umeshuka, ilhali kwenye CT uvimbe ni uleule, au hata umeongezeka.

Msingi wa kipimo hicho ni ugunduzi wa Otto Warburg wa miaka ya 1920, kwamba seli za saratani hutumia glukosi nyingi mno hata oksijeni ikiwepo. Hata hivyo, seli za kinga nazo zina uchu huohuo. Katika nchi zetu, ambako kifua kikuu, ugonjwa unaokusanya seli hizo, ni cha kawaida, tezi ya kifuani inayong'aa kwenye PET haifai kuitwa saratani kabla ya kuchukua kinyama na kukipima.

Mtiririko wa damu una matatizo mazito zaidi. Maji yenye oksijeni-15, yaani oksijeni yenye mnururisho, huupima vizuri, lakini mnururisho wake hupungua kwa nusu kila baada ya dakika mbili hivi, kwa hiyo saiklotroni, mashine inayoitengeneza, lazima iwe palepale hospitalini. MRI yenye dawa ya gadolini ni rahisi kupatikana, ila huchanganya wingi wa damu na uvujaji wa mishipa. Ndiyo maana bevasizumabu, dawa inayobana uvujaji huo, iliwapotosha wengi: sehemu iliyong'aa ya saratani ya ubongo aina ya glioblastoma ilififia huku seli zikiendelea kuishi, na mwaka 2010 vigezo vya kupima mwitikio wa saratani ya ubongo vikarekebishwa, vikaitwa RANO, ili kutotegemea mng'ao huo peke yake.

Je, kipimo cha damu kitupwe? La. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Washington, Seattle, walipopima vyote viwili kwa wanawake wenye saratani ya matiti iliyokomaa, waliona kwamba uvimbe unaokula glukosi nyingi kuliko damu unayopata uliitikia kemotherapi vibaya, jambo ambalo kipimo kimoja kisingelionyesha vizuri. Kwangu hii ndiyo hoja yenye nguvu kuliko zote za upande huo.

Lakini hoja nzuri ya utafiti haitoshi kubadili tiba ya mgonjwa. Kwa limfoma ya Hodgkin, aina ya saratani ya tezi za limfu, jaribio la RATHL lililochapishwa mwaka 2016 lilionyesha kwamba mgonjwa ambaye PET yake ni safi baada ya mizunguko miwili ya kemotherapi anaweza kuachishwa bleomisini, dawa inayodhuru mapafu, bila matokeo kuharibika kwa kiasi kikubwa. Na wasomaji wa picha walitumia kipimo kimoja cha ngazi tano kinacholinganisha uvimbe na ini. Mtiririko wa damu hauna kipimo cha pamoja cha namna hiyo, na namba zake hubadilika kulingana na mashine na hesabu iliyotumika. Kwa hiyo pale ambapo mashine za PET ni chache, kama ilivyo Afrika Mashariki, ningempa nafasi mgonjwa wa Hodgkin kabla ya mradi wowote wa kupima damu ya uvimbe.