Nta ukutani: kumeza joto ni rahisi, kulitema ndiyo kazi

Katakata mshumaa kwenye sufuria, washa moto mdogo, tumbukiza kipimajoto. Kitapanda mpaka nta ianze kuyeyuka, kisha kitagoma. Moto unawaka, joto linaingia, lakini kipimo karibu hakisogei mpaka kipande cha mwisho kiishe. Kilo moja ya nta humeza kilojuli 200 hivi (kilojuli ni kipimo cha joto) kwa kuyeyuka tu. Zege la kumeza kiasi hicho kwa kupanda nyuzi 5 ni la kilo kama 45.

Ndiyo maana wahandisi wameitamani kwa ujenzi. Ipo nta inayoyeyuka kwenye nyuzi 28: iweke darini, imeze joto la mchana, ilitoe usiku, bila umeme. Ila ikiyeyuka huvuja, na hapo ndipo polima, yaani plastiki, zinapoingia. Nta huchanganywa na polietilini ngumu, jamii ya plastiki ya madumu, ambayo yenyewe haiyeyuki mpaka nyuzi 130 hivi. Nta inakuwa maji ndani yake, ubao unabaki ubao. Lakini sehemu hiyo ya plastiki ni abiria asiyelipa nauli, maana haiyeyuki. Tena mchanganyiko wote unashika moto. Mwenye nyaya za kuungaunga darini asilipuuze hilo.

Zipo pia chumvi zinazomeza joto kwa kuyeyuka kama nta; haziwaki, na ni bei nafuu. Mwaka 1948 huko Dover, Massachusetts, mwanasayansi Maria Telkes alipasha nyumba joto kwa jua, akalihifadhi kwenye mapipa ya chumvi ya namna hiyo, iitwayo chumvi ya Glauber. Kufikia majira ya baridi ya tatu chumvi ilikuwa imejitenga, ngumu chini na maji juu, na nyumba ikaanza kupoa. Kwa hiyo nta na polima si anasa. Zinayeyuka na kuganda mara nyingi bila kujitenga hivyo.

Kwetu swali ni usiku. Nta iliyokwisha kuyeyuka yote ni ukuta wa kawaida, tena wa bei mbaya, mpaka igande upya. Dar es Salaam mwezi Februari usiku haushuki sana chini ya nyuzi 25. Tofauti ya nyuzi 3 na nta ya nyuzi 28 ni ndogo mno, hasa kwa kitu kinachopitisha joto kwa uvivu, theluthi moja tu ya maji. Dodoma, usiku unaposhuka karibu nyuzi 20, hesabu inabadilika. Mtu wa Tanga akiniuliza, nitamwambia anunue miti ya kivuli kwanza.

Kwenye masanduku ya kubebea chanjo nasimama upande wa pili: huko naitaka. Chanjo za pepopunda na homa ya ini B huharibika zikiganda, na barafu iliyotoka moja kwa moja kwenye friza inaweza kuzigandisha. Muuguzi hulazimika kuacha pakiti za barafu nje, akizitikisa kila mara mpaka asikie maji yakicheza ndani. Siku ya foleni ndefu, nani ana dakika hizo? Pakiti ya kitu kama nta, kinachoyeyuka kwenye nyuzi 5, haihitaji kutikiswa. Kilo kwa kilo inameza joto kidogo kuliko barafu, yenye kilojuli 334, hivyo sanduku litakuwa zito zaidi au safari fupi zaidi. Kwa mwendo wa nusu siku, na jokofu la kugandisha pakiti upya jioni, uzito huo unabebeka.