Masta ya Mtandaoni Imenikalisha Upande wa Msomaji

Mwaka jana niliketi mbele ya watu watano walionihoji kuhusu kupandishwa cheo. Faili yangu ilizunguka meza mpaka ikamfikia mzee mmoja mwenye miwani. Akaifungua, akasoma, akaniangalia juu ya miwani. "Madam, hii masta yako ni ya mtandao tu?" Nikasema ndiyo, ni ya sayansi ya maktaba na habari, chuo kiko Marekani. Akaandika kitu kwenye karatasi yake. Cheo sikupata.

Simlaumu sana. Hilo "tu" lake nimelisikia kwa shangazi yangu wa Nyalenda, nimelisikia kwa walimu, na la kuuma zaidi, nimelisikia kwa wakutubi wenzangu. Watu wanaamini kwamba asiyepanda basi kwenda chuo hakusoma. Kwa kozi nyingine labda wana haki. Daktari wa meno aliyesomea kwenye simu simfungulii mdomo. Lakini kwa ukutubi nabisha, na sababu ninayobishia sikuwa nayo siku niliyojisajili.

Siku hiyo sababu zangu zilikuwa za kawaida, kazi na watoto. Eldoret si mbali, na Chuo Kikuu cha Moi kimekuwa kikifundisha sayansi ya habari tangu 1988. Wakutubi wengi ninaowajua huku Nyanza wamepitia pale. Ila maktaba yetu hapa Kisumu hufunguliwa mpaka Jumamosi na tuko wawili tu, mmoja akienda darasani mwingine anabaki na kaunta, choo, na vijana wa kidato cha nne wanaogombania soketi za kuchajia simu. Nikaomba nje, nikapata msaada wa nusu karo. Nusu yangu ililipwa kwa dola. Januari 2024 dola moja ilikuwa inakaribia shilingi 160, na ndipo nilipolipa awamu ya kwanza. Kufikia katikati ya mwaka ilikuwa imeshuka hadi karibu 130. Hesabu hiyo mume wangu hajaiona mpaka leo.

Anayetaka kunifuata aanze na ithibati kabla ya kutoa senti. Kwa ukutubi wa Marekani, anayethibitisha masta ni chama chao cha wakutubi, ALA, na ithibati yake inahusu Marekani, Kanada na Puerto Rico. Huku kwetu, mwajiri wa serikali atataka kujua kama Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu inakitambua cheti chako. Uliza mapema. Nimeona mtu akiuliza baada ya mahafali.

Masomo mengi unayafanya kwa wakati wako, lakini sisi tulikuwa na kipindi kimoja cha moja kwa moja mtandaoni kila Jumanne, saa kumi na mbili jioni kwao. Kwetu hiyo ni saa saba ya usiku wa kuamkia Jumatano. Nilizoea. Naweka kengele ya simu, nachemsha chai, nakaa jikoni na earphone ili nisiamshe watoto. Halafu Novemba ikafika, na Wamarekani wana jambo lao la kurudisha saa nyuma Jumapili ya kwanza ya mwezi huo. Nikakaa saa nzima nikiutazama uso wangu mwenyewe kwenye skrini. Saa nane wakaanza kuingia mmoja mmoja, wamechangamka, wananiuliza habari za jioni.

Lakini usiku ulionibadilisha ni mwingine, mwezi wa Aprili. Wanaoishi hapa wanaijua mvua inayotoka ziwani baada ya giza kuingia, radi kwanza, halafu stima inapotea mtaa mzima. Laptopu ilikuwa na chaji ya saa moja hivi. Kazi ilitakiwa usiku uleule, na nilihitaji makala moja tu kutoka hifadhidata ya majarida. Nikaingiza nenosiri. Mfumo ukasema umenitumia namba kwenye simu. Mtandao wa simu nao ulikuwa umeenda na stima. Ukarudi kidogo, namba ikaingia, nikaiandika, nikaambiwa imekwisha muda wake. Nikaomba nyingine. Mara ya tatu mfumo ukanifungia nje kabisa, na ukurasa wa jarida ukanionyesha bei ya makala kwa dola, kama muuza samaki anayekuona umechelewa sokoni.

Nilikuwa nalia, sioni aibu kusema. Pembeni mwa ukurasa wa maktaba yao kulikuwa na kisanduku cha kuzungumza na mkutubi. Huku ilikuwa saa tano usiku, huko saa kumi jioni, bado wako kazini. Nikaandika kwa kidole kwenye simu. Mama mmoja akajibu. Hakuniuliza namba ya usajili kwanza, wala hakuniambia nisome maelekezo. Aliuliza, "Mpaka sasa umejaribu nini?" Nikamweleza. Dakika kumi baadaye makala yenyewe ilikuwa kwenye barua pepe yangu.

Badala ya kufurahi nikamkumbuka mama wa Ahero.

Ilikuwa kama miaka miwili nyuma. Mwanamke alipiga simu ya maktaba akauliza kama tuna kitabu fulani cha ufugaji wa kuku. Nilikuwa na foleni mbele yangu. Nikamwambia, "Mama, uje uangalie mwenyewe." Alikuja. Alipanda matatu kutoka Ahero na mtoto mgongoni, akatembea kutoka stendi, akapekua rafu nzima ya kilimo. Kitabu hakikuwepo. Akashukuru, akaondoka. Alishukuru! Na mimi nilirudi kwenye foleni yangu nikiwa sina hata doa moyoni, kwa sababu kwa akili yangu maktaba ilikuwa ni jengo, na msomaji ni yule aliyeingia mlangoni.

S. R. Ranganathan wa Madras, aliyefundisha hisabati kabla ya kuwa mkutubi, alitoa kanuni zake tano mwaka 1931. Ya nne inadai uokoe muda wa msomaji. Niliikariri nikiwa stashahada, nikaijibu kwenye mtihani, nikapata alama zote. Miaka mingi nikaipitisha masikioni kama wimbo wa redio. Ilinibidi niwe mimi mwenyewe msomaji wa mbali, gizani, nimefungiwa nje, ndipo iniingie.

Hiyo ndiyo hoja yangu kwa yule mzee wa miwani. Mwanafunzi wa darasani anafundishwa huduma kwa wasomaji wa mbali. Wa mtandaoni ndiye huyo msomaji wa mbali, miaka miwili mfululizo, na bando lake linaisha.

Kuna ambayo mtandao haufundishi, na hapo wapinzani wangu wana haki yao. Kushona kitabu kilichoachana mgongo nilifundishwa na mzee wetu wa jalada, marehemu sasa, kwa sindano ya magunia na gundi ya unga. Somo la uhifadhi lilizungumza habari za ghala lenye joto na unyevu uliopimwa. Ghala letu lina dirisha. Mhadhiri alipotutaka tueleze tishio kubwa kwa makusanyo yetu, wenzangu waliandika mafuriko ya kidijitali, nami nikaandika mchwa. Alinipa alama nzuri lakini sidhani aliwahi kuona mchwa akiingia kwenye juzuu la ensaiklopidia kwa nyuma na kuacha jalada limesimama.

Hata hivyo kuna kazi moja iliyonifurahisha kuliko zote. Tuliambiwa tuchukue mwandishi wa kwetu tufuate mahali mfumo wa Dewey, ule wa kupanga vitabu rafuni kwa namba, unapomweka. Nikamchagua Grace Ogot, binti wa Asembo, aliyewahi kuwa mbunge wa Gem. Nikaenda rafuni na kijiko cha chai bado mkononi. Riwaya zake za Kiingereza ziko 823, humo humo na Waingereza. Alichoandika kwa Dholuo kinaangukia 896.5, rafu ya mwisho karibu na ukuta, ambako hata taa haifiki vizuri. Mwanamke mmoja, rafu mbili, na katikati yake mita kumi na mbili, nilizipima kwa hatua. Melvil Dewey alichapisha mpango wake mwaka 1876, akaipa dini yake yeye, Ukristo, namba nyingi kuanzia 220 hadi 280, Uislamu ukapata 297, na dini za Kiafrika zimebanwa kwenye 299.6. Mambo hayo nilikuwa nayabandika kwenye migongo ya vitabu kila siku kwa miaka tisa bila kuuliza. Wiki hiyo nilitengeneza kibao kidogo kwenye 823: "Grace Ogot yuko pia 896.5, karibu na ukuta." Watoto wa shule wanakifuata. Taa nayo nimeibadilisha kwa pesa yangu.

Kwa mradi wa mwisho niliweka Koha, programu ya bure ya maktaba iliyozaliwa New Zealand na kuanza kutumika huko Januari 2000. Jina lake kwa Kimaori ni zawadi. Imo kwenye kompyuta kuukuu chini ya kaunta, na kwa sasa katalogi inaonekana ndani ya jengo tu. Kuitoa nje kunahitaji laini ya intaneti ambayo barua yake bado inazunguka ofisini. Sikungoja barua. Kwenye karatasi ya tarehe iliyobandikwa ndani ya kila kitabu nimegonga muhuri wenye namba ya simu na maneno haya: "Piga kwanza kabla ya kupanda matatu."

Mwenzangu ananung'unika kwamba simu inalia hata saa ya chakula. Juzi nilimsikia akiijibu huku ana ugali mdomoni, akimwambia mtu asikate, anakwenda rafuni kumtazamia.